Kansa yangu haina foleni yake

Hapa Dar ukimwambia mtu una kansa, picha anayo tayari. Kama we ni mwanamke basi ni ziwa au kizazi, utapigwa mionzi, utanyonyoka nywele, utakonda mpaka kanga ikuzunguke mara mbili, halafu watu watakuja na zabibu na katoni ya maji kukuangalia, na wakifika getini kuondoka wataanza kuongea kwa sauti ya chini. Sisemi kwa kebehi, ndo kansa tulizoziona kwa mama zetu na majirani, na kweli kwa wanawake wa nchi hii ya mlango wa kizazi ndo inayoongoza. Shida inakuja pale unapopewa kansa ambayo hata dada wa mapokezi anakwambia hebu nitajie tena, inaandikwaje hiyo?

Yangu inaandikwa GIST, inatamkwa jisti. Ni uvimbe unaoota kwenye ukuta wa tumbo la chakula au wa utumbo, na hauanzii kwenye ile ngozi laini ya ndani kama kansa nyingi za tumbo, unaanzia chini yake, kwenye nyama yenyewe, kwenye seli zinazoamrisha tumbo lijikunje lisukume chakula. Seli zenyewe zimepewa jina la Mhispania mmoja, Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Nobel mwaka 1906, kwa hiyo mi nina ugomvi na mzee Cajal, ndo ninavyomwambiaga mume wangu. Hesabu za Ulaya zinasema wanaoupata ni kama watu 10 mpaka 15 kwa kila milioni moja kwa mwaka. Sasa sensa ya 2022 ilituhesabu Dar tukafika milioni 5 na laki 3 na ushee, kama na sisi tunaugua kwa kiwango hichohicho basi kila mwaka mji huu unatoa watu 50 mpaka 80 wenye kitu kama changu. Nilipopiga hiyo hesabu nikajiuliza, hao wenzangu wako wapi? Jibu ninalo ila silipendi, naamini wengi wao sahizi wanameza dawa za vidonda vya tumbo.

Maana mjini hapa nani hana vidonda vya tumbo? Ukikosa hamu ya kula ni vidonda, ukisikia kiungulia ni vidonda, ukigombana na mkwe ni vidonda. Mi nilianza na uchovu, uchovu gani sasa, wa kupanda ngazi za ofisini mara moja tu halafu nakaa kwenye kiti nahema. Baadaye choo kikawa cheusi tii na mimi nikajua ni zile dawa za kuongeza damu, maana hizo nazo zinafanya choo kiwe cheusi, na nilikuwa nazimeza kwa sababu kila nikipimwa damu iko chini. Kituo kimoja cha mtaani, sikitaji, walinipima wale wadudu wa tumboni wanaoleta vidonda wakawakosa, wakanipa dawa zao hivyohivyo, "tutibu tu mama", nikatibiwa nikamaliza dozi nikapewa nyingine. Hakuna aliyejiuliza hii damu inaenda wapi. Mtu mzima hapungukiwi damu hivihivi jamani, ikipungua kuna mahali inatoka, na ningekuwa na kipaza sauti ningezunguka nacho kutoka Mbagala mpaka Bunju nikilisema hilo moja tu.

Ilinichukua kuanguka ndani ya mwendokasi. Tumetoka Magomeni tunaingia Jangwani, gari imejaa, nimeshikilia bomba, naona watu wanakuwa weupe weupe mbele yangu, nikasikia mama mmoja anasema mpisheni mjamzito huyo, na hapo ndo nikaenda chini. Nilipelekwa hospitali damu ikasomeka 6, wakati mwanamke mzima anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Dokta wa zamu, kijana mdogo sana, ndo wa kwanza kuuliza swali la maana, akasema mama kabla sijakuongezea damu niambie choo chako kina rangi gani. Huyo kijana popote alipo Mungu amjalie.

Wakanifanyia kile kipimo cha kumeza kamera. Kamera ikaona kitu kimeusukuma ukuta wa tumbo kwa ndani, juu yake ngozi nzima kabisa isipokuwa pale katikati pana kidonda kidogo kinavuja. Wakanyofoa kinyama wakapeleka maabara, majibu yakarudi safi, hakuna kansa. Nyumbani ilikuwa sherehe, Mama alipika ubwabwa akagawa kwa watoto wa mtaa mzima. Ila dokta wa tumbo hakufurahi kama sisi. Akatueleza kwamba kile kikoleo chao kinanyofoa ngozi ya juu tu, na huu uvimbe umekaa chini ya ngozi, kwa hiyo majibu safi maana yake ngozi ndo safi, uvimbe wenyewe bado haujaguswa. Twende kwenye siti skani. Siti skani ikasema sentimita 9.

Operesheni sitaielezea sana, walikata kipande cha tumbo pamoja na uvimbe wake, wakautoa mzima bila kupasuka, na hilo la kutopasuka nikaja kujua baadaye kwamba ni kubwa kuliko nilivyofikiria, kwa sababu ukipasuka wakati wa kuutoa zile seli zinamwagika tumboni na hatari inapanda sana. Ninachotaka kukielezea ni kile kijibloku.

Yani nyama yako ikishatolewa wanakata vipande vidogo, wanavigandisha kwenye nta nyeupe ndani ya kijisanduku cha plastiki, pembeni wanaandika namba kwa penseli. Ripoti ya kwanza ilikuja imeandikwa uvimbe wa seli nyembamba ndefu, ikaishia hapo, kwamba kujua ni uvimbe gani hasa lazima nyama ipakwe rangi maalum za kutambulisha seli, ambazo maabara ile hazikuwepo. Nikapewa kijibloku changu ndani ya bahasha ya kaki nikipeleke mwenyewe maabara nyingine. Nikashangaa, mwenyewe? Mwenyewe, dada, ila usikiache kwenye gari juani. Basi nikatoka na kansa yangu kwenye pochi. Nilikaa kituoni naichungulia, nta nyeupe, katikati kinyama cha kahawia kisichofika kucha ya kidole gumba, nikasema hee, hiki ndo kilichonilaza chini Jangwani?

Mi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, clearing, miaka yote najua kontena linavyoweza kukaa pale linalimbikiza demareji, yani faini ya kuchelewa, wakati mzigo upo, pesa ipo, gari ipo, imekosekana karatasi moja. Kusubiri majibu ya zile rangi ilikuwa ndo hivyo. Mwili wangu upo, madaktari wapo, dawa yawezekana ipo, ila hakuna anayeruhusiwa kunigusa mpaka karatasi moja itoke. Na hapa nimshauri mtu yeyote aliye kwenye hali hii, usiwe mpole. Kila asubuhi nilikuwa napiga simu maabara kwa adabu zote, habari za kazi, samahani kwa usumbufu, namba yangu ni fulani, imefikia wapi, mpaka yule kaka akawa ananitambua kwa sauti. Halafu weka kopi ya kila kitu. Bahasha moja ya orijino nyumbani, moja ya kopi ya kutembea nayo, na picha kwenye simu. Kansa inayojulikana faili likipotea dokta anaweza kuendelea kwa kukuangalia, hii yetu faili likipotea umerudi sifuri.

Karatasi ikatoka: CD117 chanya, DOG1 chanya. Hizo ndo alama za GIST. Nyuma yake kukawa na hesabu ya seli zinazogawanyika, na dokta wa saratani akachukua vitu vitatu, ukubwa wa uvimbe, ile hesabu ya kugawanyika, na mahali ulipokuwa (tumboni afadhali kuliko utumbo mdogo), akajumlisha akasema upo kwenye kundi la hatari kubwa ya kurudi. Mume wangu akauliza kwa hiyo kemo inaanza lini. Dokta akatabasamu, wallahi alitabasamu, akasema kemo za kawaida hazifui dafu kwa huu ugonjwa, mionzi nayo haina kazi kubwa hapa, mama atameza kidonge.

Kidonge tu? Kidonge tu, imatinibu, miligramu 400, kila siku, miaka 3.

Sasa kisa cha hiki kidonge ndo kilichonitoa kwenye kulia kikaniingiza kwenye kusoma, na mimi sio msomaji kihivyo. Mpaka mwaka 2000 mtu mwenye GIST iliyosambaa hakuwa na dawa ya maana, ni kukata na kuomba Mungu. Mwaka 1998 Wajapani ndo walioonyesha kwamba seli hizi zinachanganyikiwa kwa sababu ya hitilafu kwenye jeni inayoitwa KIT, yani swichi ya kuambia seli gawanyika imekwama kwenye kuwaka haizimi. Wakati huohuo kulikuwa na dawa inajaribiwa kwa kansa ya damu, na ikagundulika dawa ileile inaizima na hii swichi. Mwaka 2000 kule Finland, dokta Heikki Joensuu na wenzake wakampa mama mmoja ambaye GIST yake ilishasambaa na hakukuwa na kitu kingine cha kumpa, na uvimbe ukasinyaa. Mtu mmoja! Wakaandika kuhusu mtu mmoja, na mwaka 2002 Marekani ikairuhusu dawa kwa ugonjwa huu. Nilivyosoma hiyo nililia upya ila kilio cha aina nyingine, kumbe ukiwa na ugonjwa wa watu wachache hata mgonjwa mmoja anabeba kitu.

Kwenye bei napo kuna historia. Ile ya kiwanda cha kwanza, Glivec, ilikuwa pesa ambayo mtu wa Kimara haulizi mara mbili. Mwaka 2002 wenye dawa, Novartis, pamoja na The Max Foundation wakaanzisha mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wa nchi kama zetu, na Ocean Road, hospitali yetu ya saratani hapa Dar, ni moja ya hospitali zilizopokea wagonjwa kwenye mpango huo. Halafu tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama Kuu kabisa ya India ikawakatalia Novartis hataza ya dawa hii, yani haki ya kuitengeneza peke yao, na viwanda vya India vikaendelea kutoa jenerika, dawa ileile kwa bei ya chini. Mi si mtu wa siasa ila nikifungua boksi langu asubuhi nikaona limeandikwa limetengenezwa India nasema ahsanteni sana majaji.

Kliniki ndo kichekesho. Ocean Road, pale baharini, jengo la zamani la Wajerumani, kila ugonjwa una watu wake. Kina mama wa kizazi wanajuana, wa matiti wanajuana, wanabebeana na mabegi, wanaulizana umeshapigwa mionzi mingapi imebaki mingapi. Mi nikifika sina pa kukaa. Mwisho nikaishia kwenye benchi la wenye kansa ya damu kwa sababu tunakunywa kidonge kimoja, na hao ndo wamekuwa ndugu zangu wa hiari. Kuna mzee mmoja kutoka Lindi, wa kansa ya damu, anameza imatinibu miaka mingi, ndo aliyenifundisha vitu ambavyo dokta hana muda wa kukueleza. Akanambia mwanangu, usiimeze tumbo likiwa tupu utatapika bahari yote hii, imeze katikati ya chakula na maji glasi kubwa. Usiku misuli ya miguu itakaza, usiogope, simama ukanyage sakafu ya baridi. Asubuhi macho yatavimba, hiyo ndo inavyokuwa, ila ukivimba miguu na ukaongezeka kilo haraka hapo rudi hospitali usingoje tarehe.

Na kweli macho yakavimba. Hapo ndo nikaanza kuiona ile shida ya kuwa mgonjwa asiyefanana na wagonjwa. Nywele ninazo, tena nimesuka. Sijakonda, nimenenepa usoni. Naenda kazini. Ofisini wakagawanyika makundi mawili, wapo walionizika siku ileile walivyosikia neno kansa, wananiangalia kama wananiaga, ukichelewa kupokea simu wanakaa wanatazamana, na wapo waliosema hii sio kansa bana, hii itakuwa ni stori ya kupata likizo, kansa gani mtu anakula chipsi mayai? Kati ya hao wawili sijui nani alikuwa ananichosha zaidi. Anayekuzika unamwonea huruma ukaanza kumbembeleza wewe, usilie, nitapona. Asiyekuamini inabidi umtolee vithibitisho. Siku nzima inaisha unahudumia hofu za watu na mashaka ya watu, jioni unafika nyumbani hujapata hata dakika ya kuogopa na kwako.

Halafu ikaja rangi. Nilikuwa mweusi mimi, mweusi wa Kilwa, na baada ya miezi kwenye dawa nikaanza kung'aa. Mikono, uso, shingo. Bibie mmoja wa uhasibu akanivizia chooni, shoga hiyo losheni gani, mbona hutushirikishi? Nikacheka nikamwambia inaitwa imatinibu na usiinunue. Hakuamini, wakatangaza nimeanza mkorogo, eti mtu anaumwa kansa na bado anajichubua. Mpaka wifi yangu kutoka Tanga akapiga simu kunionya kuhusu madhara ya mkorogo, kwa upendo kabisa. Ukweli ni kwamba ile swichi ya KIT inatumika pia na seli za ngozi zinazotengeneza weusi, dawa ikiizima tumboni inaizima na kwenye ngozi, ndo maana sisi watu weusi tunaonekana zaidi, na kwa kawaida dawa ikisimama rangi inarudi. Nilimweleza wifi akanyamaza, halafu akauliza, kwa hiyo ukiwa mweupe ndo dawa inafanya kazi? Hapana wifi, haina maana hiyo. Ila sikumlaumu, na mimi nilishawahi kujitazama kwenye kioo nikitafuta ishara hiyohiyo.

Kaka yangu mkubwa upande wake ni majani. Mstafeli. Kila mtu mjini hapa anajua mstafeli unaua kansa, kaambiwa kwenye WhatsApp, na kaka ndo yule ambaye mwaka 2011 alipanda basi mpaka Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, kwa hiyo kumkatalia jani sio kazi ndogo. Alikuja na dumu la lita tano limejaa maji ya kijani. Shikamoo kaka, marahaba mdogo wangu, kunywa. Nikamkalisha. Nikamwambia kaka, hakuna aliyethibitisha kwa binadamu kwamba hii inatibu kansa, ila sio hilo linalonizuia. Dawa yangu inavunjwavunjwa na ini, na kuna vitu vikiingia vinaliziba ini dawa ikajaa mwilini kupita kiasi, na kuna vingine vinalichochea dawa ikaisha kabla haijafanya kazi. Balungi, tunda tu la kawaida, nimekatazwa. Dawa ya TB, rifampisini, inaishusha hii dawa vibaya, na nchi hii TB tunaijua, mtu akianzishwa bila kusema anameza nini mambo yanaharibika. Sasa kama balungi lina makubwa hayo, hili dumu nani kalipima? Kaka akafikiria akasema basi nitakunywa mimi, pesa imeshatoka. Akalichukua. Tumebaki kuheshimiana, na mpaka leo akinitumia kitu anaandika kwanza, muulize dokta wako.

Mama ndo mtihani wangu. Mama alitaka mwezi wa Ramadhani nifunge, kwamba funga nayo ni shifaa. Kwa dawa yenyewe ilikuwa inawezekana, inamezwa mara moja kwa siku, wapo wanaoihamishia kwenye futari na maji ya kutosha baada ya kuongea na madaktari wao. Kwangu dokta alisema mwaka huu hapana, damu bado haijapanda na anataka ninywe maji mchana. Nikampeleka Mama kwa sheikh wa mtaani, akamsomea ile aya ya 184 ya Baqara kuhusu mgonjwa na msafiri, akamwambia Bi mkubwa, ruhusa ya Mungu nayo ni ya kupokelewa. Mama akaridhika nusu. Kila siku ya mwezi ule alipima mchele mwenyewe kwa kibaba akapeleka fidia yangu kwa bibi mmoja nyuma ya msikiti, asubuhi, kabla sijaamka, hakunitumia mtu wala hakunambia, nimekuja kuambiwa na yule bibi.

Watoto waliuliza kitu kimoja tu, na sisi tutapata? Nikawaambia nilivyoambiwa, zile za kurithi zipo ila ni familia chache sana duniani, nyingi zinatokea tu, jeni inaharibika kwenye seli ukubwani. Yule wa kidato cha pili akasema kwa hiyo ni bahati mbaya. Ndio mama. Akarudi kwenye simu yake. Mume wangu nilidhani ndo imara kuliko wote mpaka nilipomkuta anaandika kwenye daftari siku za vidonge anazikata moja moja kwa wino mwekundu, mtu ambaye tarehe ya ndoa yetu anakumbushwa.

Usiku ndo nasoma namba. Kuna utafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya pamoja na Ujerumani, ulitoka 2012, wagonjwa 400 wa hatari kubwa kama mimi, nusu walimeza mwaka 1, nusu miaka 3. Baada ya miaka 5 wa mwaka 1 walikuwa hai kama 82 kwa kila 100, wa miaka 3 walikuwa hai 92. Ndo maana naambiwa miaka 3. Kuna usiku nawaona wale 92, kuna usiku nawaona 8 tu na nawahesabia majina. Sijapata dawa ya hilo. Nilichopata ni kwamba kuna utaratibu ikirudi, kuna vidonge vingine vya mstari wa pili na wa tatu, sunitinibu, regorafenibu, nimemuuliza dokta mapema vinapatikanaje nikaandika kwenye faili, sio kwa sababu nimekata tamaa, ni ile tabia ya kazini, huwezi kungoja meli itie nanga ndo uanze kutafuta vibali.

Kuhusu kuwaambia watu nimeweka sheria zangu. Wa karibu naelezea yote mara moja, na karatasi mezani, aulize mpaka achoke. Wa mbali nasema nilitolewa uvimbe tumboni na natumia dawa, basi, na akiuliza kansa ya wapi namwambia ya tumbo, ingawa sio yenyewe, kwa sababu mi si mwalimu wa kila mtu kwenye kituo cha daladala. Mtu akija na pole ndefu namkatisha namuuliza watoto wanaendeleaje. Kazini nimemwambia bosi tarehe za kliniki na siti skani za mwaka mzima, hajawahi kunisumbua.

Ila kuna hili la familia lilinikera kuliko yote. Binti wa dada yangu anaolewa, grupu la sendofu limeshafunguliwa, na mimi tangu zamani ndo mtu wa kamati ya chakula, hilo halina mjadala ukoo mzima. Naingia kwenye grupu naona majina ya kamati, langu halipo. Nikapitia na orodha ya michango, pembeni ya jina langu wameandika "mgonjwa, asisumbuliwe". Kwa nia nzuri! Najua kwa nia nzuri. Nikaandika hapohapo, mchango wangu uko palepale, na kamati ya chakula sijajitoa, aliyenitoa anirudishe. Grupu likanyamaza, watu wanasoma hawajibu, mara Mama mdogo akatokea, "haya, mwenye chakula karudi, watu mia tatu hao, lete bajeti".

Bajeti nimeleta na sasa hivi hatuelewani kwenye mchele. Wao wanataka ule wa kuchanganya kwa sababu ya bei, wanasema kwenye pilau haujulikani. Unajulikana sana. Mi nimewaambia ni Kyela tupu, au tupunguze wageni.